Masafa asilia: kwa nini mlango wa gari hutetema wakati spika ni nzima

Kila kitu kinachoweza kutikisika kina mwendo wake wa kutikisika. Gonga sufuria, gonga bati, gonga kioo cha dirisha: kila kimoja kitatoa mlio wake, na hata ukigonga mara kumi mlio ni uleule. Idadi ya mara ambazo kitu huenda na kurudi kwa sekunde moja, kikiachwa kitikisike chenyewe, ndiyo masafa asilia ya kitu hicho. Hupimwa kwa hezi (Hz). Kitu chenye masafa asilia ya 80 Hz, ukikigusa, huenda na kurudi mara 80 kwa sekunde.

Mambo mawili ndiyo yanayoamua masafa hayo: ugumu na uzito. Kitu kikiwa kigumu zaidi, masafa hupanda. Kikiwa kizito zaidi, hushuka. Mengi yanayofuata yanatoka hapo.

Sasa tuje kwenye gari. Mwenye gari hapa Dodoma anafika kwa fundi pale Majengo au Sabasaba, anafungulia muziki, na besi ikiingia tu mlango wa kushoto unang'ong'a. "Fundi, spika imepasuka, niwekee nyingine." Fundi mwenye haraka anaweka nyingine. Mteja anaondoka, akifika Kizota mlango unang'ong'a vilevile, pengine zaidi, maana spika mpya ina nguvu kuliko ile iliyokuja na gari kutoka Japani.

Kilichotokea ni hiki. Bati la mlango ni jembamba, halifiki milimita moja, nalo lina masafa yake asilia. Spika ikitoa sauti ya masafa yaliyo mbali na hayo, bati hutikisika kidogo tu, husikii kitu. Sauti ikiyafikia masafa yale hasa, kila msukumo wa spika hulikuta bati liko tayari kwenda upande uleule, na mtikisiko hujijenga juu ya mtikisiko. Kelele inakuwa kubwa kupita kiasi cha nguvu iliyotumika. Ndiyo maana kuna wimbo unaoutetemesha mlango kwa sauti ya chini, na mwingine ukiupandisha mpaka mwisho mlango hausemi kitu. Ndiyo maana pia mlango unaweza kulalamika hata kwenye taarifa ya habari: sauti nzito ya mtangazaji wa kiume huanzia karibu 85 Hz, na hapo ni jirani kabisa na besi ya muziki.

Wagogo walilijua hili kabla redio ya gari haijafika nchini. Kwenye ilimba, marimba ya vyuma ambayo mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifanya ijulikane duniani, mna vyuma ambavyo mpigaji havigusi kabisa. Vimewekwa viitikie: chuma chenye masafa yanayolingana navyo kikipigwa, navyo vinaanza kulia. Tundu la kisanduku nalo huzibwa kwa utando wa buibui ili sauti ing'ong'e. Tofauti ni kwamba kwenye ilimba mng'ong'o ule umekusudiwa.

Mlangoni si bati peke yake linaloitikia. Toa ile plastiki ya ndani yenye kitasa na swichi za vioo, uangalie. Kuna fito nyembamba za chuma zinazotoka kwenye kitasa kwenda kwenye loki. Kuna nyaya zilizofungwa pamoja, mashine ya kioo, kioo chenyewe ndani ya reli zake za mpira, na klipu za plastiki zinazoshika kava lote. Kila kimoja kina masafa yake. Gari lililokwishafunguliwa mlango mara mbili tatu kwa ajili ya mashine ya kioo, klipu nusu huwa zimevunjika na hakuna aliyezirudishia. Hapo kava la plastiki linagonga bati kila besi inapopiga, na kulaumu spika ni kuionea.

Kwa magari ya Dodoma ongeza vumbi na ukavu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili au karibu na hapo. Miezi mingine ni jua na vumbi laini linalopenya kila mahali. Mpira wa reli ya kioo hukauka na kusinyaa, kioo kinapata nafasi ya kucheza. Jaribu: piga muziki kioo kikiwa kimefungwa, kisha kishushe nusu. Kelele ikibadilika, umeshampata mhusika.

Kumtafuta kunahitaji watu wawili na simu. Weka kwenye simu programu inayotoa sauti ya masafa utakayo, iunganishe na redio, peleka balansi yote kwenye mlango mmoja. Kabla ya yote toa sarafu, funguo na chupa za maji kwenye mfuko wa mlango; usicheke, kesi kadhaa huishia hapo. Anza 40 Hz, panda polepole mpaka 200. Utaona dhana yenyewe ikifanya kazi: 60 kimya, 85 mlango mzima unalia, 100 kimya tena. Rudi kwenye 85 uiache hapo. Mwenzako akandamize kwa kiganja sehemu moja baada ya nyingine: kava karibu na kitasa, kona ya chini, wavu wa spika, kioo. Mahali ambapo mkono unanyamazisha kelele ndipo penye kazi.

Spika mbovu kweli ina dalili zake. Haichagui masafa sana, inakwaruza karibu kwenye kila noti, na ukiisukuma ngozi yake taratibu kwa vidole, kwa usawa pande zote, unasikia koili ikiparaza ndani. Mpira wa ukingoni ukiwa umechanika utauona. Hiyo badilisha. Ila angalia pia ilivyofungwa: spika za kununua mara nyingi matundu yake hayalingani na ya mlango, fundi anaweka skrubu mbili na kuridhika. Spika iliyoshikwa kwa skrubu mbili ni kitu kingine kinachotetema.

Tiba inarudi kwenye ugumu na uzito, pamoja na jambo la tatu: kuumeza mtikisiko. Shiti za mpira wa butili zenye karatasi ya alumini juu, unene wa milimita mbili hivi, hufanya hivyo. Bati likitikisika mpira unavutwa, na nguvu ya mtikisiko inageuka joto dogo. Huna haja ya kufunika mlango wote. Robo ya bati la nje, katikati ambako linacheza zaidi, inatosha kuonyesha tofauti. Lakini safisha kwa spiriti kwanza, la sivyo unabandika shiti juu ya vumbi na itadondoka. Wengine hutumia ile tepu ya lami ya kuzibia bati la nyumba kwa kuwa ni rahisi. Mimi siishauri: kwa jua la hapa mlango ukichemka, lami hulainika, hunuka na kuteleza.

Fito na nyaya zizungushie tepu ya kitambaa. Klipu nunua mpya. Bati la ndani lina matundu makubwa. Ukiyaziba vizuri, besi nayo inaongezeka, kwa sababu sauti ya nyuma ya spika haipati tena njia ya kuja mbele kuifuta ile ya mbele. Nailoni iliyobandikwa hapo usiitupe kabla hujaweka kingine cha kuzuia maji. Vitundu vidogo vya chini kabisa ya mlango usiviguse: maji ya mvua yanayopita pembeni ya kioo hutokea hapo. Ukiviziba, kufika Machi mlango unaanza kuoza kwa ndani.

Kama pesa ya shiti haipo, ingia kwenye menyu ya redio utafute kichujio cha besi, kile kilichoandikwa HPF, ukiweke 80 Hz. Besi ya chini kabisa, ambayo spika ya inchi sita na nusu haiimudu hata hivyo, itapungua sana mlangoni. Redio iliyoandikwa wati 50 mara nne hutoa kama wati 15 hadi 20 za kweli kwa kila spika, na ukiipandisha kupita hapo sauti inakwaruza kwa namna inayofanana sana na mlango unaotetema. Kwa hiyo fanya kipimo cha simu kwa sauti ya kawaida, na ukirudie kabla ya kukandamiza klipu za mwisho, wakati kava bado linatoka kwa mkono.