Drafti, chupa au kopo: kinachoamua ladha ya bia inayofika Kigoma

Kwenye baa za Mwanga, Katubuka na kule Kibirizi karibu na ziwa, mteja akishakaa tu huulizwa maswali mawili: bia gani, na ya moto au ya baridi? Siku hizi limeongezeka la tatu, ya chupa au ya kopo, na pale penye mtambo kuna la nne, la drafti, yaani bia inayotoka kwenye pipa kupitia koki. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Huyu anaapa kwamba ya kopo ina ladha ya bati. Yule anasema ya chupa inaumiza kichwa. Mwingine hataki kusikia kitu isipokuwa drafti, kwa kuwa ndiyo “bia mbichi”.

Sisi tunaofanya kazi ya ukaguzi wa vyakula na vinywaji huulizwa swali hili mara kwa mara, na jibu letu haliwafurahishi mashabiki wa upande wowote. Aghalabu bia ni ileile. Imepikwa pamoja, ikakaa kwenye tangi moja, kisha nyingine ikajazwa kwenye chupa, nyingine kwenye makopo na nyingine kwenye mapipa ya chuma. Inayobadilika ni safari yake na malezi yake baada ya kutoka kiwandani. Kwa mkazi wa Kigoma jambo hili ni zito kuliko kwa mtu wa Ilala, Dar es Salaam, au Nyamagana, Mwanza.

Viwanda vikubwa vya bia vya nchi yetu viko Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya. Sisi tuko mwisho wa Reli ya Kati, ile iliyofika Tabora mwaka 1912 na kugusa ufuko wetu mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Bahari ya Hindi. Inayotoka Mwanza nayo ina barabara ndefu ya kupitia Nyakanazi, Kibondo na Kasulu. Ikifika hushushwa, hupangwa ghalani, hupakiwa tena kwenye gari dogo au bajaji, na mara nyingi husubiri nje ya grosari mpaka mwenye funguo arudi. Katika kila kituo cha safari hiyo kuna maadui watatu wanaoinyemelea: mwanga, joto na hewa.

Mwanga ndio unaoharibu haraka kuliko wote, na ndio watu wanaoudharau zaidi. Uchungu wa bia unatokana na hopsi, maua ya mmea unaotambaa ambayo huchemshwa pamoja na kimea. Bia pia ina vitamini B2 kidogo. Jua likipenya kwenye chupa, vitamini hiyo hunyonya nguvu ya mwanga na kuvivunja viini vya uchungu wa hopsi. Vipande vyake hushikana na salfa iliyomo kwenye bia yenyewe, na kinachozaliwa ni kiini chenye harufu ya kicheche aliyechokozwa. Pua ya binadamu huinasa harufu hiyo hata ikiwa ni nanogramu chache tu (nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni) ndani ya lita moja. Kwa chupa isiyo na rangi, dakika chache za jua kali zinatosha. Chupa ya kijani inakinga kidogo sana. Ya kahawia ndiyo inayozuia sehemu kubwa ya mwanga huo, na ndiyo sababu viwanda vingi vimeichagua, lakini nayo haikutengenezwa ili ishinde juani tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kigoma iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta. Jua letu ni la wima. Kreti lililoachwa barazani saa nzima limekwisha kupata hasara ambayo friji haiwezi kuirudisha.

Joto linafanya kazi polepole, ila haliachi. Mabadiliko ya kikemia yanayoizeesha bia huongezeka kasi mara mbili hadi tatu kwa kila nyuzijoto 10 zinazopanda. Fanya hesabu: bia iliyo kwenye ghala la bati lenye nyuzijoto 35, ukiilinganisha na iliyo kwenye friji la nyuzijoto 5, inazeeka mara 8 au hata zaidi. Maana yake wiki moja ya ghala hilo ni kama miezi miwili ya friji. Uzee wa bia una ladha yake. Uchungu unafifia, utamu fulani wa kuchosha unaingia, na mwisho unahisi kama umelamba boksi lililolowa. Hewa ndiyo mshirika wa joto katika kazi hii, kwa kuwa oksijeni kidogo iliyobaki chini ya kizibo huitafuna bia taratibu.

Hapa nataka niwatetee wanywaji wa bia ya moto, ambao wageni kutoka nje hupenda kuwashangaa. Baridi kali inafunga harufu na kuufisha ulimi. Bia iliyozeeka ikiwekwa kwenye barafu hupita kooni bila mtu kushtuka. Anayekunywa ya moto anaionja bia kama ilivyo, na ikiwa na kasoro ataigundua kwa funda la kwanza. Kwa hiyo mzee anayerudisha chupa akisema “hii si yenyewe” asipuuzwe. Huyo ndiye mkaguzi mzuri kuliko wote walio kwenye baa ile. Ila nimshauri jambo moja: bia ya moto iwe ya joto la chumba chenye kivuli, isiwe ile iliyotolewa kwenye kreti lililokaa karibu na jiko la nyama choma.

Kuna imani kwamba bia iliyopoa ikipata joto kisha ikapozwa tena imeharibika hapohapo. Sivyo. Kinachohesabiwa ni jumla ya muda iliokaa kwenye joto. Umeme ukikatika usiku mmoja na kurudi alfajiri, bia za kwenye friji hazijafa. Zikipitia hali hiyo kila siku kwa miezi miwili, hiyo ni habari nyingine.

Sasa tuvitazame vyombo vyenyewe. Kizibo cha chuma chenye meno tunachokijua leo kilipata hataza mwaka 1892, kazi ya William Painter wa Baltimore, Marekani, na mpaka sasa hakijapata mpinzani wa kweli kwenye chupa. Udhaifu wake ni kwamba mpira wa ndani hupitisha hewa kidogo sana kadiri miezi inavyopita. Kopo halina tatizo hilo. Mshono wake umebana kabisa, na mwanga haupenyi hata chembe. Bia ya kwanza ya kopo iliuzwa Richmond, Virginia, tarehe 24 Januari 1935, na makopo ya wakati ule yalikuwa ya chuma kizito. Ya leo ni ya alumini, na ndani yamepakwa utando mwembamba unaozuia bia isiguse chuma. Ile “ladha ya bati” kwa sehemu kubwa inatokana na midomo na pua kugusana na alumini wakati wa kunywa, kwa kuwa nyingi ya zile tunazoziita ladha ni harufu. Mimina kwenye glasi safi, kisha umwombe rafiki akupe ya chupa na ya kopo bila kukuambia ipi ni ipi. Wengi wa wabishi hunyamaza hapo.

Kopo lina kasoro zake pia. Ukuta wake mwembamba unalifanya lipoe haraka na lipate moto haraka vilevile, na likibonyea karibu na mshono usilinunue. Sehemu ya juu, pale unapoweka mdomo, imepita ghalani ambako panya hutembea. Ioshe kwa maji safi, kuifuta kwa shati hakutoshi. Chupa nayo itazame shingoni. Kizibo kikiwa na kutu, au mdomo wa chupa ukiwa umemeguka, irudishe.

Drafti ndiyo inayosifiwa kuliko zote, na ndiyo inayodai nidhamu kuliko zote. Katika baadhi ya nchi bia ya pipa haipitishwi kwenye joto la kuua vijidudu, ile njia iliyopewa jina la Louis Pasteur, ambapo chupa na makopo hufikishwa nyuzijoto 60 hivi kwa dakika kadhaa. Ndiyo maana wapenzi wake husema ina ladha hai. Lakini bia ya namna hiyo inataka ubaridi mfululizo, tangu kiwandani mpaka kaunta. Fikiria ubaridi huo kwa lori la siku mbili, kisha kwenye mji ambao umeme ukikatika jenereta halipo kila mahali.

Pipa likifika salama bado kuna bomba. Ndani ya mipira inayopeleka bia kwenye koki hujengeka utando wa hamira na bakteria usioonekana kwa macho. Kiasi kikizidi, bia inaanza kunuka siagi, kisha siki. Kanuni inayofuatwa na wataalamu wa drafti ni kuosha mipira hiyo kwa dawa maalumu kila baada ya siku 14, na koki yenyewe ifunguliwe na kusuguliwa. Mwenye baa asiyejua tarehe ya mwisho aliyoosha bomba lake hafai kuuza drafti. Nasema hivyo nikijua kuna ndugu zangu wafanyabiashara watakaokasirika, lakini fedha ya mteja inastahili heshima. Jambo la pili ni mzunguko. Pipa la lita 50 kwenye baa inayouza glasi tano kwa siku litakaa wiki kadhaa, na hapo chupa ya kahawia iliyohifadhiwa vizuri inalishinda kwa mbali. Kwa hiyo drafti iagize penye watu wengi, uache glasi ya kwanza ya siku ipite, na umwulize mhudumu kwa upole pipa limefunguliwa lini.

Halafu kuna glasi, na hili kwangu ni suala la afya kuliko la ladha. Bia yenyewe, kwa kilevi chake, uchachu wake na hopsi zake, si mahali pazuri kwa vijidudu vya magonjwa kukua. Maji ya ndoo yanayosuuzia glasi hamsini tangu jioni ni mahali pazuri sana. Mkoa wetu unakijua kipindupindu: mwaka 2015 kilizuka Kagunga, ufukweni mwa Tanganyika, miongoni mwa wakimbizi waliotoka Burundi, na watu walipoteza maisha. Baa isiyo na maji yanayotiririka na sabuni isimpe mteja glasi. Impe chupa iliyofunguliwa mbele yake. Glasi yenye mafuta utaijua: povu linakufa mara moja na mapovu yanang’ang’ania ukutani.

Dai kwamba drafti inalewesha haraka halina msingi kwenye chombo. Soma asilimia ya kilevi na ujazo. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi. Kopo la mililita 330 la asilimia hiyohiyo lina gramu 13. Anayesema “nimekunywa mbili tu” awe anajua ni mbili zipi. Mwenye drafti yuko kwenye hatari zaidi ya kupoteza hesabu, kwa sababu mezani hazibaki chupa tupu za kumkumbusha. Dereva wa bodaboda na mama mjamzito hawana kiasi chochote kilicho salama hapa, na aliye chini ya miaka 18 asiuziwe kabisa.

Ukiniuliza mimi ninunue ipi Kigoma, nitaanza kwa kutazama baa. Penye friji linalofanya kazi na kreti zilizo kivulini, chupa ya kahawia inanitosha, na chupa hiyo itarudi kiwandani kuoshwa na kujazwa tena. Kwa safari ya boti kuelekea vijiji vya mwambao, kopo ni bora kwa kuwa halivunjiki, mradi lirudi nchi kavu na lisitupwe ziwani, maana Ziwa Tanganyika hupitisha maji yake nje polepole mno na linaloingia humo linakaa.

Kabla ya kulipa, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwenye kopo mara nyingi iko chini, kwenye chupa iko kwenye lebo au shingoni. Bia nyingi za aina ya laga hupewa miezi 6 hadi 12. Tafuta pia alama ya ubora ya TBS kwa bia za nchini, na stempu ya kodi ya kielektroniki ya TRA. Ukikuta bia yenye uchafu ndani, harufu ya siki au tarehe iliyofutwa, usiimwage. Ifunge kwa kizibo chake, andika jina la baa na siku uliyoinunua, kisha uipeleke kwa afisa afya wa kata au ofisi ya TBS iliyo karibu. Namba ya toleo iliyochapwa kwenye chupa ile ndiyo inayotuwezesha kulifuata kreti zima mpaka ghala lilikotoka.