Mutuka Yako ya Okazioni Inajua Funguo Ngapi?

Mtu akileta mutuka, yaani gari, kwenye kituo chetu cha mafunzo hapa Lubumbashi, mi sianzi kumuuliza inasumbua nini, naanza kumuuliza iko na kle, yaani funguo, ngapi. Jibu nalijua kabla hajafungua mdomo. "Iko moja tu, muyomba, njo ile balinipatia." Mutuka nyingi za okazioni, zile zilizokwisha kutumika, ndo hadithi yake hiyo, imenunuliwa mnadani Japani, imepanda meli mpaka Dar es Salaam, imeendeshwa kupitia Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa, njiani imepita mikononi mwa watu hata hesabu hakuna aliyeweka, na kila mmoja wao alikuwa ameshika ufunguo. Wewe unapewa mmoja, unafurahi, unaondoka zako.

Mi nafundisha umeme wa magari, na nimeombwa kuandika hii habari ya dubli ya kle, yaani ufunguo wa pili, kwa sababu mvua zikianza mwezi wa 11 hatupumziki, huyu ufunguo umeanguka kwenye mfereji kule Katuba, yule mtoto kautumbukiza kwenye ndoo ya maji, mwingine kaibiwa mfuko mzima sokoni Kenya, hapa hapa mjini. Wote wanakuja wakati ule ufunguo wa pekee umeshapotea, na hapo kazi iliyokuwa ya nusu saa inageuka ya siku mbili.

Tuanze na chuma chenyewe. Ule upande unaochongwa ni wa kuzungusha barilleti tu, yaani kitasa cha kuwashia, hata fundi wa funguo wa pembeni ya barabara mwenye mashine yake ndogo anaweza kukuchongea, ukauingiza, ukazunguka vizuri kabisa, demarere (staata) ikapiga, na mota (injini) isishike. Kwa nini? Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo wako wa asili kuna kachipu, wakati mwingine ni kitu cheusi mfano wa jino la mtoto, wakati mwingine ni kioo kidogo kama punje ya mchele. Hakana betri. Ukiweka kontakti, yaani ukizungusha ufunguo mpaka taa za dashbodi ziwake, ile pete ya waya iliyozunguka barilleti inatoa mawimbi ya kilohezi 125 hivi, kachipu kanapata nguvu humo humo, kanajibu kwa namba yake, na kompyuta ya gari inaangalia kwenye kumbukumbu yake kama hiyo namba inaijua. Ikiijua inaruhusu petroli na moto wa bujii (plagi). Isipoijua utapiga demarere mpaka betri ife. Huo mtambo kwa Kifaransa chetu tunauita antidemaraji, majirani wa Zambia na Tanzania wanasema imobilaiza, ni kitu kimoja.

Kwa hiyo betri ndogo uliyonunua dukani ukaweka kwenye ufunguo ni ya vitufe vya kufungua milango tu, ikifa mutuka ya kuzungusha ufunguo itawaka kama kawaida. Watu wengi wanachanganya hapa, betri imeisha wanakuja wanalia kwamba ufunguo "umesahau programu". Haujasahau kitu.

Si kila gari iko na huo mtambo lakini. Ulaya gari mpya zililazimishwa kuwa nao tangu Oktoba 1998, ndo maana mutuka ya Ubelgiji au Ujerumani ya baada ya hapo usijisumbue kuuliza, unao. Za Japani za zamani, hizi ndogo ndogo unazoziona zinapiga taksi mjini, nyingi hazikuwekewa, na mwenye nayo anaweza kulipishwa "programu" ya kitu ambacho hakipo. Nimeona mwenyewe, mtu kalipa dola za programu ya chipu kwa Vitz isiyo na chipu, bora angemnunulia mama watoto kiloba cha unga. Na usifikiri wakubwa hawana tatizo hilo, kule Marekani mwaka 2023 Hyundai na Kia walitangaza programu mpya ya bure kwa gari kama milioni 8.3, vijana walikuwa wanaziiba kwa kutumia kichwa cha waya wa USB na kuonyeshana kwenye TikTok, kisa hazikuwekewa antidemaraji.

Kujua yako iko upande gani, kwanza toa ufunguo uangalie dashbodi, kama kuna taa ndogo nyekundu yenye mchoro wa ufunguo au gari inapepesa, basi karibu hakika mtambo upo. Pili kuna mchezo tunaufanya darasani, wanafunzi wanaupenda: chukua ile karatasi ya aluminiamu wanayofungia samaki wa kuchoma, zungushia kichwa chote cha ufunguo mara mbili tatu kikazwe, acha chuma peke yake nje, halafu jaribu kuwasha. Wiki iliyopita tulifanya kwa mutuka mbili zilizopakiwa ubavu kwa ubavu, Rav4 ikapiga tu demarere, tuc tuc tuc, taa inapepesa, ile Spacio ya mwalimu mwenzangu ikawaka hapo hapo kama hakuna kilichotokea. Akakasirika kidogo. Toka siku hiyo ameweka mnyororo kwenye usukani.

Sasa kosa la kwanza, na hili naomba ulisome taratibu. Vitufe vikichakaa watu wananunua kasha jipya, zinauzwa bei ndogo kila mahali, fundi anafungua la zamani, anahamisha kibao cha vitufe, anahamisha chuma, anabana, kinang'aa, kasha la zamani anatupa kwenye takataka. Kachipu kamebaki huko! Kwa sababu kwenye funguo nyingi kachipu hakajashikana na kibao cha vitufe, kamechomekwa pembeni kwenye kashimo kake. Baba mmoja alitukokotea Toyota yake kwa kamba toka Ruashi, tulivyomuuliza kama amebadilisha kasha akasema ndiyo, jana. Tukamrudisha na motari, pikipiki ya abiria, mbio kwa yule fundi kabla takataka hazijachomwa. Alirudi na kasha la zamani linanuka maganda ya muhogo, tukalipasua, kachipu haka hapa, tukakaweka kwenye jipya, gari ikawaka. Hakulipa kitu zaidi ya motari.

Turudi kwenye dubli yenyewe. Njia ziko mbili na bei zake si moja, fundi asipokueleza anatumia ipi muulize. Ya kwanza ni kunakili, anachukua chipu tupu inayoweza kuandikwa, anasoma ile ya ufunguo wako na mashine, anaandika namba ile ile kwenye mpya. Gari haijui kwamba kuna funguo mbili, inaona ni huyo huyo mmoja. Ni haraka na haigusi kompyuta ya gari hata kidogo, kwa gari za zamani mi naipenda sana. Ubaya wake, ukipoteza mmoja huwezi kuufuta peke yake, ukifuta namba umefuta wote. Ya pili ni kuongeza, fundi anachomeka skana, ile wanayoiita valizi, kwenye soketi iliyo chini ya usukani, anaiambia kompyuta ipokee ufunguo mpya wenye namba yake mwenyewe. Hii ndo ya maana zaidi kwa mutuka ya okazioni, na sababu nakuja kukueleza.

Toyota zenye funguo za ngazi mbili zina ukaidi wake, kuna ufunguo mkuu na kuna ule wa kumwachia mtu wa parkingi, mara nyingi kichwa chake ni cha kijivu, huo unawasha gari lakini haukubaliwi kuongeza mwenzie. Ukinunua mutuka ukapewa wa kijivu peke yake jua umepewa nusu. Na angalia kwenye chuma karibu na kichwa, Toyota nyingi zina kaalama, nukta, au herufi G, au H, hiyo inasema aina ya chipu, ukinunua chipu ya G kwa gari ya H umetupa pesa. Nissan yeye kawaida anafuta zote kwanza ndipo aandike upya, kwa hiyo ukienda na mmoja na mwingine umeuacha nyumbani, wa nyumbani unakufa, peleka wote siku hiyo hiyo. Mercedes za ufunguo usio na chuma, ule wanaouchomeka kama kidole, zinaongea kwa mwanga wa infraredi na si kila valizi ya mjini inaziweza, hapo usikubali majaribio.

Rimoti nazo ni mtego. Za Japani zinatumia megahezi 312 au 314 hivi, za Ulaya 433, kwa macho zinafanana kama mapacha. Unaweza kununua ufunguo mzuri mtandaoni, chipu ikakubali, mota ikawaka, na milango ikakataa mpaka leo. Na ile smati kii ya kitufe cha kuwashia, ikishaandikwa kwenye gari moja inajifunga, ukinunua iliyotumika lazima kwanza fundi aifungue kwa mashine yake, la sivyo gari mpya haiitaki.

Nilisema nitaeleza kwa nini kuongeza ni bora. Valizi ikishaingia inaonyesha kitu ambacho muuzaji hakukuambia: idadi ya funguo zilizoandikwa kwenye kumbukumbu. Kuna mama mmoja mfanyabiashara, Harrier nzuri, kle moja mkononi, tukachomeka, skrini ikasema 3. Akatuangalia. "Bale bengine beko na nani?" Nani ajue mama, labda iko Japani kwenye droo ya mtu, labda iko Zambia, labda iko kwa kijana aliyekuuzia na nyumba yako anaijua. Siku hiyo tulifuta zote, tukaandika ule wake na mpya mmoja, tukasoma tena, 2. Hiyo namba ya mwisho dai uione kwa macho yako na uipige picha na simu, kabla ya kazi na baada ya kazi. Fundi aliyeandika ufunguo mmoja wa kwako na mmoja wa kwake ataonekana hapo hapo.

Fundi mzuri pia atakusumbua. Atataka karte rozi, ile kadi ya gari, atataka kadi yako ya mpiga kura, na kama karte bado iko kwa jina la mwenye gari wa kwanza atauliza maswali. Usinune. Yule asiyeuliza kitu atamtengenezea mwizi wako ufunguo kwa roho safi kabisa.

Kitu kingine, betri ya gari. Wakati wa kuandika funguo kontakti inakaa wazi muda mrefu, volti zikishuka chini ya 12 katikati ya kazi kompyuta inaweza kufa, na hapo hatuongei tena habari ya ufunguo, unatafuta kompyuta. Fundi aunganishe chaja au betri ya pili, na kama anategemea umeme wa ukutani muulize ukikatika atafanyaje, maana tunaishi wapi.

Na ukiwa umepoteza zote? Inawezekana, usikate tamaa, ila bei inapanda sana. Kwanza inabidi chuma kipatikane. Gari ikiwa mpya huwa inakuja na kakipande kadogo ka chuma kenye namba ya kuchongea, kwenye okazioni karibu kila mara kameshapotea, ingawa baadhi ya gari namba hiyo imepigwa kwenye kitasa cha mlango, fundi anakitoa anasoma. Halafu chipu, Toyota za karibuni kidogo zinakubali kufutwa kwa valizi na nyingine zinakukalisha dakika 16 zikihesabu, za zamani inabidi kufungua kompyuta na kusoma kumbukumbu yake kwenye meza. Konsesionere wa hapa, yaani wakala wa kiwanda, hawezi kukusaidia sana kwa mutuka ya Japani, namba yake ya shasi si ile ya herufi na tarakimu 17 ambayo mfumo wake unaisoma, ni fupi, inaanza na kitu kama NCP au ACU.

Ukishapewa mpya usiondoke. Ule wa zamani mpe mtu akae nao mbali, hatua ishirini hivi, kwa sababu ukiwa kwenye pete moja na mpya, antena inaweza kuusoma ule wa zamani na wewe ukafikiri mpya umekubali. Washa, zima, subiri, washa tena, mara tatu. Fungua na funga kila mlango kwa chuma, si kwa kitufe. Kama ni smati kii ya Toyota toa betri yake, kanyaga breki, gusisha ubavu wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia, lazima iwake hata hivyo.

Halafu ukauweke nyumbani. Kuna mteja wetu tulimfanyia kila kitu vizuri, karatasi zote, picha ya skrini, kila kitu, baada ya mwezi ananipigia simu jioni yuko Likasi, kilometa kama 120 kutoka hapa, ufunguo wa kwanza kaufungia ndani ya gari, mvua inanyesha. Nikamwambia papa hakuna shida, tuma mtu achukue wa pili. Akanyamaza kidogo. "Ya pili iko mule mule, mu kisanduku ya mbele."