Ilimba yako haijaharibika: dhana potofu kuhusu sauti za ala za Kiafrika

"Mwalimu, hii ala imetoka nje ya noti, nisaidie kuirekebisha." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno kutoka kwa wanafunzi, viongozi wa kwaya na watayarishaji wa muziki wanaoniletea ala, na mara nyingi ala yenyewe huwa nzima kabisa. Ya mwisho ilikuwa ilimba ya Kigogo, ala ya vyuma vyembamba vilivyopangwa juu ya kasha na kupigwa kwa vidole gumba, ambayo kijana mmoja aliirithi kwa babu yake. Kabla ya kuifikisha kwangu alikuwa ameipima kwa programu ya simu, akaona mshale haukai katikati, akasogeza vyuma vinne kwa koleo na viwili vingine akavipiga tupa ili sauti zifuate piano. Utando wa buibui uliobandikwa juu ya tundu la kasha alikuwa ameubandua akidhani ni uchafu. Kijana huyo hana kosa, amefanya alichofundishwa. Kosa liko katika dhana aliyofundishwa, kwamba duniani ipo skeli moja iliyo sahihi, ile ya do-re-mi ya piano, na kwamba ala ya Kiafrika isiyoifuata ama imeharibika, ama ilitengenezwa na mtu asiyejua kusikia.

Programu ile ya simu haipimi usahihi wa sauti. Inapima umbali wa sauti kutoka katika noti 12 za piano, zikianzia kwenye A yenye mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo kilichokubaliwa katika mkutano uliofanyika London mwaka 1939. Miaka 80 kabla ya hapo Ufaransa ilikuwa imeweka kwa sheria A ya mitetemo 435. Hayo ni makubaliano ya watu na yana faida zake, lakini si sheria ya maumbile. Piano yenyewe, ukiipima kwa sauti za asili, imehamishwa kwa makusudi: kutoka do hadi mi ina senti 400 (senti 100 ni nusu-toni, yaani umbali kati ya noti mbili za piano zinazofuatana), ilhali uwiano wa asili wa 5 kwa 4 unatoa senti 386 hivi. Mafundi wa Ulaya walikubali upungufu huo ili mpigaji aweze kuhama kutoka kii moja hadi nyingine, yaani kuanzia wimbo kwenye noti tofauti, bila kubadilisha ala. Ni uamuzi wa busara kwa muziki wao. Kinachonisikitisha ni kwamba mafundi wetu, ambao nao walifanya maamuzi kwa ajili ya muziki wao, hawapewi heshima hiyo hiyo.

Chukua Wagogo wa Dodoma. Uimbaji wao, pamoja na zeze na ilimba zinazoufuata, umejengwa juu ya mfululizo wa sauti za asili, yaani sauti ambazo mitetemo yake ni mara 2, 3, 4 na kuendelea ya sauti ya msingi, hasa kuanzia ya 4 hadi ya 9. Ndani ya mfululizo huo sauti ya 7 iko senti 969 juu ya ile ya 4, wakati noti ya piano iliyo karibu nayo iko kwenye senti 1000, yaani imepanda kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni. Mtu aliyezoea kinanda huisikia sauti hiyo ya 7 kama imeshuka. Mgogo huisikia ikikaa mahali pake, kwa sababu sauti zinapopatana kwa uwiano wa namba nzima mapigo ya kugongana hutoweka na kundi zima la waimbaji hulia kama sauti moja pana. Ukiivuta noti hiyo ili mshale wa simu utulie, umeuondoa upatanifu ambao fundi aliutafuta kwa subira. Utando wa buibui nao ni sehemu ya ala: chuma kinapopigwa unatetemeka na kuongeza mvumo kwenye mlio wa kila chuma. Wachopi wa Msumbiji hufanya jambo la aina hiyo katika marimba zao za timbila, ambapo kila ubao una kibuyu chake chenye tundu lililozibwa kwa utando mwembamba.

Timbila hizo hizo zimelinganishwa kwa njia nyingine kabisa. Oktavu yake, yaani umbali kutoka do hadi do ya juu, imegawanywa katika hatua saba zinazokaribia kulingana, kila moja ikiwa na senti 171 hivi, kwa hiyo hakuna nusu-toni hata moja. Marimba ya amadinda ya Buganda hugawanya oktavu katika hatua tano zinazokaribiana, kila moja kama senti 240. Katika mpangilio wa namna hii wimbo unaweza kuanzia kwenye ubao wowote na ukabaki na umbo lake. Waganda wana jina la uhamishaji huo, miko, na wapigaji watatu wa amadinda, yaani omunazi, omwawuzi na omukoonezi, hupokezana mapigo kwa kasi ambayo haimwachii nafasi asiyejua kazi yake. Mtu hawezi kufikia mpango wa aina hiyo kwa kubahatisha. Mwingereza Alexander Ellis, aliyetuletea kipimo cha senti, alipima skeli za mataifa mbalimbali na kuandika mwaka 1885 kwamba skeli ya muziki si moja wala haikuwekwa na maumbile. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado naletewa amadinda ili niifanye iwe piano.

Dhana hii ililetwa na shule za misheni, kinanda cha kanisani na uimbaji wa sol-fa, yaani kuimba kwa majina do, re, mi, mfumo ulioenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, ambamo mtoto alisahihishwa kila sauti yake ilipofuata ile ya bibi yake. Katika lugha za toni kama Kiyoruba madhara yaligusa hata maana, kwa kuwa tuni ya Ulaya ilipanda mahali ambapo neno lilitakiwa kushuka. Mwalimu Nyerere, akihutubia Desemba 1962, alilalamika kwamba Watanganyika wengi walijifunza rumba na foksitroti, akauliza ni wangapi wanaoweza kucheza, au hata waliowahi kusikia, ngoma za gombe sugu na lele mama. Aliunda wizara ya utamaduni, lakini sikio lililofunzwa na kinanda halikubadilika kwa tangazo la serikali. Siku hizi kinanda cha umeme na programu za kurekodi huanza na noti zile zile 12, na kalimba ya dukani, ala ndogo ya vyuma ya jamii ya ilimba, kwa kawaida imelinganishwa kwa skeli ya do-re-mi, kama ile aliyoanza kuitengeneza kwa kuuza Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, katika miaka ya 1950. Kijana aliyeanza na kalimba hiyo huiona ilimba ya babu yake kama kalimba mbovu, ilhali kalimba ndiyo mjukuu.

Zipo dhana nyingine, nazo hazihitaji maelezo marefu. Wengine husema nyimbo za kimila hazina mtunzi. Wachopi wa Zavala wana utunzi mkubwa uitwao ngodo, wenye sehemu kadhaa, na kitabu cha Tracey cha mwaka 1948 kinawataja watunzi wake kwa majina, Katini wa Nyamombe na Gomukomu wa Simbi. Kumbukumbu nyingi za enzi za ukoloni ziliandika jina la kabila pekee, na mahali ambapo mtunzi hakuandikwa, hata leo hakuna wa kudai haki ya malipo.

Marimba za Zimbabwe zinazopigwa mashuleni mara nyingi hutajwa kuwa za kale. Zilibuniwa katika chuo cha Kwanongoma, Bulawayo, karibu na mwaka 1960, zikapewa skeli ya do-re-mi yenye noti ya nyongeza. Ni ala nzuri, ila haziwezi kuwa ushahidi kwamba Waafrika walitumia do-re-mi tangu zamani.

Si kila kilichopotea kiliuawa na mkoloni, pia. Ngoma za entenga za Kabaka, mfalme wa Buganda, zilinyamaza baada ya jeshi la serikali ya Obote, katika Uganda iliyokwisha kuwa huru, kuvamia kasri la Lubiri mwaka 1966 na wapigaji kutawanyika.

Na anayesema hatuna sauti za zamani za kulinganisha nazo hajauliza Berlin, ambako zimehifadhiwa silinda za nta, chombo cha kurekodia sauti cha wakati huo, alizorekodi mtafiti Mjerumani Karl Weule mwaka 1906 kusini mwa nchi ambayo sasa ni Tanzania. Zilichukuliwa chini ya utawala wa Wajerumani. Kwa maoni yangu nakala zake zinapaswa kusikika kwanza Mtwara na Lindi.

Kwa hiyo, kabla hujagusa chuma chochote, rekodi kila kimoja peke yake, mara tatu, kisha mtafute mzee wa ala hiyo aimbe nayo. Chuma kikisukumwa ndani sauti hupanda, kikivutwa nje hushuka, na mahali kilipokandamizwa kwa miaka hubaki alama. Kwenye ilimba ya yule kijana alama hizo zilionekana wazi, nikavirudisha vyuma vinne mahali pake. Utando tumepata mwingine. Vile viwili vilivyopigwa tupa havikuacha alama yoyote ya kufuata, na babu hayupo.