Chembe za Nano Hazili Zebaki

Swali lilelile limenifikia tena, safari hii kutoka kwa mtu mwenye nia njema na fedha za mradi, mchanganyiko ambao hunitia hofu kuliko asidi yoyote iliyomo maabara: je, chembe za nano (zenye upana wa nanomita chache, yaani sehemu chache za bilioni za mita) za nusu-kipitishi, dutu inayopitisha umeme kiasi tu, tunazozitengeneza hapa Mbeya haziwezi kumwagwa katika mabwawa ya wachenjuaji wa dhahabu wilayani Chunya ili zikale zebaki yote iliyomo? Hazili. Zebaki ni elementi, na hakuna mmenyuko wa kikemia unaoweza kuifuta. Tunachoweza kubadilisha ni mahali ilipo na umbo iliyomo, basi. Hilo huwa linakubaliwa haraka, kwa kichwa kutikiswa, kisha mwulizaji anaendelea kana kwamba sikusema kitu, kwa sababu bado anaamini kwamba maji yanapoteza zebaki bila kupewa chochote badala yake. Hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Tuchukue salfaidi ya zinki, ZnS. Ioni ya zebaki (Hg²⁺, yaani atomi ya zebaki iliyopoteza elektroni mbili) inapofika kwenye uso wa chembe, haigandi tu juu yake kama vumbi. Hupenya ndani ya fuwele na kushika nafasi iliyokuwa ya zinki, nayo zinki hutoka kuingia majini. Chaji lazima zilingane, kwa hiyo kila ioni moja ya zebaki inayoingia huitoa ioni moja ya zinki. Tofauti na daladala ya Mwanjelwa kwenda Uyole, ambamo daima kuna nafasi ya mmoja zaidi, fuwele haina abiria wa kusimama. Salfa haihami, hubaki pale ilipo huku jirani zake wakibadilika, na kilichokuwa ZnS huwa HgS, salfaidi ya zebaki, kuanzia nje kwenda ndani. Katika jiwe la ukubwa wa ngumi mmenyuko huu hukwama kwenye tabaka la juu, lakini katika chembe ya nanomita 5 safari ya kufika katikati ni fupi mno. Mwaka 2004 kundi la Paul Alivisatos huko Berkeley lilionyesha kwamba fuwele za nano za selenaidi ya kadimiamu hugeuka kuwa selenaidi ya fedha kwa muda usiofika sekunde moja, na kwamba zinaweza kurudishwa zilikotoka. Walitumia toluini na methanoli, si maji ya mto yenye matope, tofauti ambayo wanaoyataja matokeo hayo mara nyingi huiruka.

Nani amtoe nani huamuliwa kwa sehemu kubwa na Ksp, kipimo cha jinsi salfaidi inavyoyeyuka majini: iliyo na Ksp ndogo zaidi huyeyuka kidogo zaidi, na metali yake ndiyo hushinda nafasi. Kwa ZnS ni takriban 10⁻²⁴, kwa CdS (ya kadimiamu) 10⁻²⁷, kwa PbS (ya risasi) 10⁻²⁸, kwa CuS (ya shaba) 10⁻³⁶, na kwa HgS 10⁻⁵². Kwa hiyo zebaki na shaba huiondoa zinki bila upinzani wa maana, risasi huiondoa kwa nguvu ndogo zaidi, na manganizi, ambayo salfaidi yake huyeyuka kwa urahisi zaidi kuliko ZnS, haiwezi kuisogeza. Anayetangaza kwamba chembe zake "huondoa metali zote nzito" hajautazama mpangilio huu, au ameutazama akaona unaharibu tangazo.

Sasa tuje kwenye kadimiamu, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Chembe za CdS hupendwa kwa sababu hung'aa, na mng'ao wake hufifia zinapokutana na zebaki, hivyo hufaa kuwa kipimo. Kutoka kuwa kipimo hadi kuwa dawa ya kusafishia maji, watu huvuka kwa hatua moja bila kuuliza kinachotoka upande wa pili. Fanya hesabu: kila miligramu 1 ya zebaki inayoingia katika CdS hutoa takriban miligramu 0.56 ya kadimiamu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 6 kwa lita kwa zebaki isokaboni katika maji ya kunywa, na mikrogramu 3 kwa kadimiamu. Maji yenye mikrogramu 60 za zebaki, yakisafishwa yote kwa njia ya kubadilishana, yatabaki na karibu mikrogramu 34 za kadimiamu, yaani zaidi ya mara kumi ya kikomo chake. Yakipimwa zebaki pekee, utaonekana ushindi. Zinki, kwa hesabu hiyohiyo, ingekuwa takriban mikrogramu 20 kwa lita, kiasi ambacho hakimdhuru mtu. Kwa nini basi mtu achague kadimiamu kusafishia maji ya kunywa? Sijapata kusikia jibu lisilohusu uzuri wa picha zinazong'aa.

Kuna mambo ambayo vitabu huyapitia kimyakimya. Ksp hizo zimepimwa kwa fuwele kubwa, na hata hivyo vitabu hutofautiana kwa vipeo kadhaa. Chembe ndogo huyeyuka kwa urahisi zaidi, na kiasi gani hutegemea ukubwa wake na kilichofunika uso wake. Njia ya uaminifu ya kujua kama kweli zimebadilishana ni kulinganisha moli (yaani idadi ya atomi, si uzito) za zebaki zilizopotea na moli za zinki zilizojitokeza. Uwiano huo mara chache huwa 1 kamili. Ukizidi upande wa zinki, huenda ZnS inayeyuka yenyewe. Ukipungua, huenda sehemu ya zebaki imenata usoni tu. Yote mawili yanaweza kutokea pamoja na kufichana. Nina mashaka na kila mchoro wenye mstari mnyoofu unaodai kwamba kilichotokea ni kunata peke yake, hasa pale ambapo zinki haikupimwa kabisa.

Kuhusu mwanga nitakuwa mfupi. Titani dioksaidi, nusu-kipitishi ambayo haibadilishani ioni bali hutumia elektroni zinazoamshwa na mwanga, ni habari nyingine: huhitaji urujuanimno wa chini ya nanomita 387 hivi, ambao ni sehemu ndogo ya jua, hata jua letu la nyanda za juu. Elektroni zake zinaweza kuigeuza kromiamu(VI) kuwa kromiamu(III), jambo jema, lakini hazina nguvu ya kuigeuza ioni ya zinki kuwa metali, na oksijeni iliyomo majini huzigombania. Zikiigeuza zebaki kuwa Hg⁰, yaani zebaki ya metali isiyo na chaji, nayo inaweza kuvukia angani, na hapo tumeihamishia kwenye mapafu ya jirani.

Tukirudi Chunya, ambako dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1920, kikwazo ni cha awali zaidi. Zebaki anayoitumia mchimbaji mdogo ni ya metali: nyingine huenda angani dhahabu inapochomwa, nyingine hubaki katika marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, kama matone madogo. Tone si ioni, na fuwele haiwezi kulipatia kiti. Pale marudio yanapochenjuliwa tena kwa sianidi, zebaki huyeyuka, lakini hutoka ikiwa imekumbatiwa na sianidi kwa nguvu kiasi kwamba ioni huru karibu haipo, wakati majaribio mengi hutumia nitreti ya zebaki katika maji yaliyotoneshwa. Sisemi haiwezekani, kwa kuwa HgS bado ina mvuto mkubwa. Nasema kasi na ufanisi wa maabara visibebwe kama mzigo wa mahindi na kushushwa bwawani.

Kisha kuna chembe zilizokwisha kufanya kazi. Kichujio cha mikromita 0.45, ambacho kwa desturi hutenganisha kilichoyeyuka na kisichoyeyuka, hupitisha chembe ya nanomita 5 bila kuigusa, kwa hiyo HgS iliyopita humo huhesabiwa kuwa imeyeyuka, na akinywa mtu huinywa. HgS katika fuwele kubwa ni imara sana, na ndiyo madini ambayo zebaki huchimbwa kutoka kwayo. Ikiwa katika umbo la nano, bakteria wa kwenye matope yasiyo na hewa huifikia kwa urahisi zaidi na kuigeuza kuwa methili-zebaki, ile inayojikusanya katika samaki. Kwa hiyo atakayeniletea mradi wa kumwaga chembe bwawani, aje na majibu mawili yaliyoandikwa: zitakusanywa vipi baada ya kazi, na nani amekubali kuzipokea. Pendekezo langu ni kuzifunga kwanza juu ya mchanga au udongo uliochomwa, ndani ya safu ambayo maji hupita nayo hubaki, na kupima zinki inayotoka kila inapopimwa zebaki.