Kijana anaponyamaza katika somo la lugha: ufafanuzi kwa wazazi na walimu

Muhula huu tumepokea barua nyingi kuliko kawaida kuhusu somo la lugha ya kigeni katika madarasa ya sekondari. Wazazi wanaandika kwamba mtoto amesoma lugha miaka kadhaa na hawezi kujieleza hata kwa dakika moja. Walimu nao wanaandika kwamba vijana hawajali, wanalaza vichwa mezani, na simu zimewaharibu. Tunaamini pande zote zina nia njema, hivyo idara yetu ya udhibiti ubora, inayokagua ufundishaji shuleni, imeona vyema kutoa ufafanuzi huu.

Hoja ya umri inajitokeza karibu kila barua: ati kijana wa miaka 14 ameshachelewa. Hajachelewa. Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha utafiti kuhusu wazungumzaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kiholanzi hukohuko Uholanzi. Miezi ya mwanzo, waliokwenda kwa kasi zaidi walikuwa watu wazima na vijana wa miaka 12 hadi 15. Watoto wa miaka 3 hadi 5 walikuwa nyuma. Mtoto mdogo ana faida yake ya matamshi baada ya muda mrefu, hilo halina ubishi. Lakini tunaomba sababu ya umri isiandikwe tena kwenye fomu za malalamiko.

Kinachomfunga kijana mdomo mara nyingi ni haya. Kwa lugha yake anaweza kubishana kuhusu haki, mapenzi na siasa. Katika lugha ngeni anasimama na kusikika kama mtoto wa chekechea, tena mbele ya wenzake, ambao rai yao ina uzito kwake kuliko ya mwalimu. Sisi tunaokaa nyuma ya darasa tunaliona jambo hili likitokea. Mwalimu anauliza, "Jana ulifanya nini?" na kumtaja mwanafunzi. Kabla hajavuta pumzi, swali linarudiwa kwa sauti ya juu zaidi. Anaanza, anakosea kitenzi, anakatizwa. Mtu anacheka upande wa dirishani. Anakaa, na hasemi tena hadi kengele inalia.

Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi nchini Marekani, aligundua kwamba walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya walianza kuchangia. Katika somo la lugha, ambako kijana anatafuta wazo na maneno yake kwa pamoja, sekunde hizo zina thamani kubwa zaidi.

Pia kijana anahitaji sababu ya kusema. Swali ambalo mwalimu analijua jibu lake halimpi sababu hiyo. Wape wawili wawili ratiba ya safari, kila mmoja akiwa na nakala iliyofutwa sehemu tofauti, na wasioneshane karatasi. Hapo lazima waulizane, wasikilizane, warudie. Makosa yatakuwa mengi, lakini wanaoyasikia ni wawili, si darasa zima. Halafu waachie uamuzi fulani wa kweli: mada ya kuandikia, mwenza, au namna ya kuwasilisha. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wameonesha kwa miongo kadhaa kwamba mtu hujituma zaidi anapohisi ana uhuru, anaweza, na amekubalika.

Hapa niseme wazi, maana tumechoka kulieleza: zawadi na alama za bure si motisha. Wala kipindi kizima cha michezo kwenye skrini, ambapo hakuna anayetamka sentensi katika lugha inayofundishwa, hakihesabiki kuwa somo shirikishi.

Kuhusu wazazi wanaodai kila kosa lisahihishwe papo hapo: mwongozo hauagizi hivyo. Zoezi likilenga ufasaha, yaani kuzungumza bila kukwama, mwalimu huandika makosa pembeni na kuyarudia mwishoni bila kutaja majina. Likilenga usahihi, husahihisha hapohapo, na ni bora amwachie mwanafunzi nafasi ya kujirekebisha mwenyewe.

Sasa utaratibu. Mdhibiti hufika na fomu ya uangalizi na mchoro wa madawati. Kila mwanafunzi anapozungumza lugha inayofundishwa, alama huwekwa kwenye dawati lake; kurudia kwa pamoja baada ya mwalimu hakuhesabiwi. Baada ya kipindi, mdhibiti hulinganisha mchoro na andalio la somo, kisha huzungumza na mwalimu faraghani kabla ya kuandika taarifa. Mapungufu yakionekana mara ya kwanza, mwalimu hupewa ushauri wa mdomo, nao huingizwa kwenye jalada. Yakijirudia, mkuu wa shule huandikiwa barua ya maelekezo na uangalizi hufanywa upya. Hatua za kinidhamu hufikiriwa pale tu maelekezo yanapokaidiwa, au mwanafunzi anapodhalilishwa kwa sababu ya kosa la lugha. Hilo la pili halisubiri ushauri wa mdomo.

Mzazi anayelalamika aanze kwa mwalimu wa somo, kisha mkuu wa shule, na sisi tuwe wa mwisho. Aambatishe daftari la mtoto, na aeleze ni lini mtoto alizungumza darasani mara ya mwisho, na nani, na kuhusu nini. Kama mtoto hakumbuki, aandike hivyo hivyo. Hiyo nayo ni taarifa tunayoifanyia kazi.