Vitabu vya marehemu visitoke kabla ya eda kwisha

Simu huja siku ya tatu au ya nne, hitima ikishasomwa na wageni wakishapungua. Anayepiga mara nyingi ni mtoto wa kiume wa marehemu. Amesimama chumbani mwa babake, na mbele yake pana sanduku limejaa vitabu asivyoweza kuvisoma. "Dada, vitabu vya mzee tuvitie wapi? Kuna watu wa msikiti wako tayari kuvichukua kesho." Nami humwambia visitoke. Mama yumo edani, na eda ni miezi minne na siku kumi. Vitabu navyo vikae eda pamoja naye.

Hiyo si hukumu ya sharia. Ni kanuni yangu ya kazi, na nimeiweka kwa sababu mbili. Ya kwanza, chumba chenye vitabu aghalabu ndicho anachokalia mjane, na si adabu watu kuingia na kutoka na masanduku mbele yake. Ya pili ina uzito zaidi: mjane ndiye anayejua. Huenda asisome herufi moja ya Kiarabu, lakini anajua ni nani aliyekuja kuazima na nani aliyeacha kitabu hapa akasafiri, na kipi mzee alikuwa akikifunga kwa kitambaa peke yake. Ukimuuliza wiki ya kwanza hatakumbuka kitu. Muulize mwezi wa tatu, mkiwa mmekaa mkekani, atakusimulia kabati zima.

Kazi yangu ni kutibu vitabu. Nashona juzuu zilizokatika, nasafisha karatasi zilizoliwa na wadudu, naorodhesha miswada, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, iliyomo majumbani Unguja na Pemba. Nimeingia kazi hii kwa jambo lililotokea kwetu. Babu alipofariki nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Wakubwa waligawana vitabu vyenye majalada ya ngozi, na karatasi zote zilizochakaa wakatupa sisi watoto tuzipeleke zikazikwe chini ya mwembe, kwa heshima, zimefungwa shuka nyeupe. Nilibeba fungu langu. Miaka baadaye ndipo nilipokuja kujua kwamba mlikuwamo daftari alimoandika uzazi na vifo vya ukoo wetu tangu enzi za babake. Majalada ya ngozi yaliyogombewa yalikuwa chapa za Cairo, vitabu vilivyopigwa chapa kwa wingi, zile zile zilizomo katika kila nyumba ya mwenye elimu katika pwani hii. Kilichokuwa kimoja tu duniani tulikizika.

Basi nikiitwa nyumba yoyote, ninachokiomba ni kwamba kila kitabu kifunguliwe kabla hakijaamuliwa. Kifunguliwe kutoka kulia, maana ndiko kinakoanzia, na isomwe karatasi ya mwanzo na ya mwisho. Asiyejua Kiarabu amwombe maalim wa chuo cha Kurani cha karibu, au apige picha kwa simu kwenye mwanga wa dirisha amtumie anayejua. Mikono iwe mikavu. Msipanguse kwa kitambaa kibichi hata kama vumbi limeganda: wino mwingi wa zamani wa huku ulitengenezwa kwa masizi na gundi ya mti, na maji huuondoa kama ulivyokuwa ukioshwa kwenye ubao wa chuoni.

Kwenye karatasi ya mwanzo tunatafuta neno moja, *wakfu*. Wazee wetu walikuwa wakiweka vitabu wakfu kama walivyoweka minazi na visima. Mtu ananunua kitabu, anaandika kwamba amekiweka wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu kwa wanafunzi wa msikiti fulani, au kwa kizazi chake wenye kusoma, kisha anaongeza maneno utakayoyakuta kila mahali: hakiuzwi, hakitolewi zawadi, hakirithiwi. Mara nyingi chini yake huandikwa ile aya ya 181 ya Suratul Baqara, inayomtia dhambini mwenye kubadilisha baada ya kusikia. Kitabu cha namna hii hakikuwa mali ya marehemu, kwa hiyo hakiingii katika mirathi. Alikuwa mtunzaji wake tu. Watoto hawana haki ya kukigawana, wala ya kuuliza bei yake. Kinakwenda pale mwenye wakfu alipotaka kiende. Kama msikiti huo haupo tena, au kizazi hicho kimetawanyika Muskati na kwengineko, nendeni kwa kadhi, au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa walio Zanzibar. Hilo mimi siliamui, na ninyi pia msiliamue kwa kura ya ndugu.

Nimeona nyumba moja ikikaribia kuuza juzuu tatu kwa mnunuzi aliyekuja na fedha mkononi. Karatasi ya wakfu ilikuwa imebandikwa juu yake karatasi nyengine tupu. Sijui aliyebandika ni nani, ila nilipoinua taa nyuma yake maandishi yalijitokeza. Mnunuzi wa namna hiyo nawaomba mumwogope. Msahafu wa mkono ukishavuka bahari huweza kukatwa ukauzwa ukurasa mmoja mmoja, na hapo hakuna tena wa kuukusanya.

Vipo na vitabu vya amana. Ukiona jina la mwenyewe si la marehemu, na hapana maandishi ya kuuza wala kuhiba, yaani kutoa zawadi, huenda kiliazimwa. Huhesabiwa pamoja na madeni yake, na deni hutangulia kulipwa kabla warithi hawajapata kitu. Hapa ndipo kumbukumbu ya mjane inapohitajika hasa.

Kinachobaki ndicho cha warithi: vitabu alivyovinunua au kupewa, visivyo wakfu na visivyo vya mtu. Hivi ni mali kama kitanda na shamba. Aliyeachiwa kwa wasia apewe, mradi wasia wote usipite thuluthi na aliyeusiwa asiwe mrithi, ila warithi wenzake wakiridhia. Kinachonisikitisha ni kuona ndugu wakubwa wanasema "tumeshakubaliana, vyote viende madrasa," na ndani ya nyumba yumo mtoto wa miaka saba ambaye naye ni mrithi. Fungu la mdogo haligawiwi sadaka na kaka zake, hata nia ikiwa njema namna gani. Na ikiwa lazima mgawane, msikate seti. Kitabu cha fiqhi cha juzuu nne kikigawanywa kwa watoto wanne, hakuna hata mmoja aliyepata kitabu.

Baada ya hapo ndipo swali la thamani linapokuja. Watu hudhani kitabu kikubwa chenye nakshi za dhahabu ndicho cha thamani, na mara nyingi si hivyo. Karne ya kumi na tisa na ya ishirini vitabu vya dini viliingia pwani kwa wingi kutoka Cairo na Bombay. Vile vya Bombay huwababaisha hata wasomi, kwa sababu vilichapwa kwa jiwe: mwandishi aliandika kwa mkono, maandishi yakahamishiwa kwenye jiwe, zikatolewa nakala kwa mamia. Ukitazama unaona mwandiko wa mtu. Njia yangu ya kupambanua ni kufuata mstari mmoja kwa jicho, taratibu. Kalamu ya unyasi huchovywa wino, ikaanza nyeusi sana, ikafifia, ikachovywa tena. Kwenye mswada wa kweli utaiona kalamu ikikaukiwa na kushiba. Kwenye chapa ya jiwe wino ni sawasawa mwanzo hadi mwisho. Pitisha pia kidole kwenye karatasi tupu ya pembeni: waandishi wengi walikandamiza karatasi juu ya ubao wenye nyuzi ili wapate mistari, na mifuo hiyo bado husikika. Kisha inua karatasi kwenye mwanga. Ukiona ndani yake alama ya miezi mitatu miandamo imepangwa kutoka mkubwa hadi mdogo, hiyo ni karatasi ya Italia iliyotengenezwa kwa masoko ya Mashariki, na hapo usifanye lolote mpaka umepata mtaalamu.

Mwisho wa mswada mwandishi hutaja jina lake na tarehe ya kumaliza. Mwaka wa Hijria uuzidishe kwa 0.97 kisha uongeze 622. Mswada wa 1280, kwa mfano, ulimalizwa 1863 au 1864. Na kama karatasi zimefumuka na hazina namba, tazama pembe ya chini kushoto: mara nyingi pameandikwa neno dogo peke yake, ambalo ndilo la kwanza katika ukurasa unaofuata. Kwa neno hilo nimewahi kupanga upya kitabu kizima kilichokuwa kimetiwa ndani ya mfuko wa unga.

Lakini ninachokitafuta mimi zaidi ni madaftari. Daftari la shule lenye jalada laini, limelegea, limeandikwa Kiswahili kwa khati za Kiarabu: duwa, tenzi, dawa za mitishamba, hesabu za karafuu, majina ya walimu wa marehemu na walimu wa walimu wake. Mengine si ya mzee, ni ya mkewe au mamake. Zipo tenzi zilizotufikia kwa sababu wanawake walizinakili. Haya hayana bei sokoni, na ndiyo yanayotupwa kwanza. Msiyatupe hata kama hakuna wa kuyasoma nyumbani. Yapigeni picha kurasa zote, zilizo tupu pia, ili mpango wake usipotee.

Ndugu Wakristo nao huniletea Biblia za wazazi wao, na humo kurasa za mbele zina ndoa na ubatizo wa vizazi vitatu. Kwao pia ninaanza kwa kufungua karatasi ya mwanzo na ya mwisho.

Kuhusu wadudu: ukiona unga mwembamba chini ya kitabu, au vitundu vya duara, kitenganishe kitabu hicho na vyengine. Chapa za kawaida zifunge kwenye plastiki isiyopitisha hewa, zitie kwenye friza nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha zikae zimefungwa siku nzima nje ya friza kabla hujazifungua. Umeme ukikatika ukayeyusha, anza kuhesabu upya. Miswada usiitie humo bila ya kushauriana na mtu wa kazi hii. Usinyunyizie mafuta ya taa, usitumie utepe wa gundi wa plastiki. Baada ya miaka michache gundi hugeuka kahawia na kula maandishi.

Na viende wapi? Chapa nzima zisizo wakfu zipeni chuo au madrasa inayosomesha kitabu hicho hicho. Waulizeni kwanza, maana nimeona maghala ya misikiti yenye marundo ya vitabu vilivyoletwa kwa thawabu vikaliwa na mchwa. Miswada, kama nyumba haiwezi kuitunza, ipo Nyaraka ya Taifa ya Zanzibar, pale Kilimani. Kama mnataka kubaki nayo, ipigwe picha, ibaki. Msikiti wa Riyadha wa Lamu ulifanya hivyo: miswada yake ilipigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza, picha zikawekwa kwenye intaneti, na vitabu vyenyewe viko pale pale Lamu.

Mwisho kabisa ni zile karatasi zilizokufa. Wapo maulamaa wanaoruhusu kuzichoma, kwa kitendo cha Sayyidna Uthman alipoamrisha nakala nyengine za msahafu zichomwe. Wengi wetu huku tunazika. Zikeni kwenye nguo ya pamba, si plastiki, pahali pasipokanyagwa. Baharini siwashauri, nimeshaokota kurasa ufukweni. Ila kila karatasi ipite kwenye macho ya mtu kwanza. Mwaka 1972 mafundi waliokuwa wakitengeneza Msikiti Mkuu wa Sana'a, Yemen, walikuta kati ya dari na paa maelfu ya vipande vya misahafu chakavu ambavyo watu wa zamani waliona vibaya kuvitupa. Mlikuwamo kurasa za karne ya kwanza ya Hijria.

Daftari la Babu nilimuuliza sheikh wetu kama naweza kulifukua. Alinyamaza muda, akasema iache ardhi. Nikenda kwa Bibi mdogo, mke wa mwisho wa Babu, nikakaa naye siku nne na kalamu. Mpaka sasa tumepata majina kumi na manne, tisa kati yao na mwezi waliozaliwa.