Je, wajua kwa nini mbwa mwenye baridi yabisi anachechemea akiamka, alafu akitembea kidogo anakaa sawa?

Jina lenyewe ndo lilinipoteza. Baridi yabisi, sasa ukisikia hivo si unajua moja kwa moja adui ni baridi? Kwa hiyo mbwa wetu, German Shepherd mzee, alipoanza kuinuka kwa awamu, miguu ya mbele kwanza, anakaa kidogo kama anayefikiria deni, ndo anavuta ya nyuma, mimi nikamfungia kibarazani nikamtandikia mablanketi mawili na nikapiga marufuku kutembezwa. Apate joto, apumzike. Wiki tatu baadaye kuinuka kulikuwa kugumu zaidi na kanenepa juu yake.

Makosa mawili kwa mpigo. La kwanza ni hilo la baridi. Mbwa wa Njombe anaugua na wa Dar kwenye joto lote lile anaugua, maana kwa mbwa wengi shida inaanzia kwenye kiungo ambacho hakikukaa sawa: nyonga ambayo kichwa cha mfupa wa paja hakitulii kwenye kikombe chake (German Shepherd na Labrador wanasifika kwa hili), au goti ambalo kano ya ndani ilichanika. Kiungo kikishalegea, gegedu inasagika taratibu. Gegedu ni ile nyeupe inayong'aa kwenye ncha ya mfupa wa kuku, unayoitafuna inalia kwachu. Ikiisha ndani kunavimba na mfupa unaanza kuota vijipembe pembeni. Baridi haimo kwenye hesabu. Wenye mbwa wengi wanaapa kwamba asubuhi za baridi maumivu yanazidi, inawezekana, ushahidi kwa mbwa haujasimama vizuri, ila blanketi halijawahi kumdhuru mbwa.

La pili ndo tamu. Gegedu haina mishipa ya damu. Hata mmoja! Karibu kila kitu mwilini kinaletewa chakula na damu, hii inakula kutoka kwenye ute uliomo ndani ya kiungo, na inakula kwa kuminywa. Chukua sponji ya kuoshea vyombo: ukiiminya maji machafu yanatoka, ukiiachia inanyonya mengine. Kila hatua ya mbwa ni kuminya na kuachia. Mfano una mipaka yake, kwa sababu vitu vidogo vidogo vinapenya vyenyewe hata mbwa akiwa amelala, lakini ukimlaza siku nzima umemnyima kiungo mlo ukidhani unamhurumia.

Na huo ute nao una vituko. Ni kama tomato sosi ya chipsi, unageuza chupa haitoki kitu, unaitikisa inamwagika mpaka unajuta. Ute wa kiungo ukitulia unakuwa mzito, ukichezeshwa unakuwa mwepesi. Ongeza misuli kupata joto, ndo maana anayeamka kama babu, akifika getini anatembea kama mwenyewe. Hajapona lakini, ukimpeleka mbali sana kesho atalipa.

Kwa hiyo tukabadilisha: dakika kumi, mara tatu kwa siku, badala ya ile safari ndefu ya Jumapili. Kwenye marumaru kucha zilikuwa zinalia tik tik huku miguu ya nyuma inateleza kila mmoja upande wake, tukakata kucha na kutandika zulia la mpira chini (mkeka wa ukindu msijaribu, unaondoka nae). Ugali tukapunguza. Hili la uzito si la kubeza: kuna Labrador 48 walifuatiliwa maisha yao yote, nusu wakapewa chakula pungufu kwa robo, na hao wa robo pungufu waliishi kama miaka 13 wenzao 11.2, na ugonjwa wa viungo ukachelewa kuwafika.

Kuhusu dawa, ibuprofeni na diklofenaki za kwenu kabatini acheni kabisa, zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo, na parasetamo ya kukadiria inaua ini. Daktari wa mifugo anazo za mbwa, kama carprofen, anapima kwa kilo. Mafuta ya samaki yana ushahidi wa kueleweka kidogo, glukosamini inauzwa sana kuliko inavyothibitishwa. Na msisubiri alie ndo mjue anaumwa, mbwa anaumia kimya kimya, wetu hakulia hata siku moja.

Mablanketi bado yapo kibarazani. Analala pembeni yake, kwenye marumaru ya baridi.